Betri za Mashua: Mkono au Mtambo?



Mashauri ninayoletewa barazani kwa kawaida huwa ya aina tatu: talaka, mirathi na mipaka ya viwanja. Mwaka uliopita nililetewa shauri la aina ya nne, na mpaka leo sijaona kitabu cha fiqhi chenye mlango wake. Wapwa zangu wawili, wana wa dada yangu, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya betri za mashua. Mkubwa alitaka ziendelee kuchajiwa kwa mkono, yaani nahodha mwenyewe ageuze swichi na aangalie saa ya volti. Mdogo alitaka kazi hiyo ikabidhiwe mtambo unaojiendesha wenyewe. Mama yao alikuwa amechoka kupika chungu kimoja na kupakua mara mbili, kwa kuwa ndugu hawa hawakuwa tena wakila sinia moja.

Asije msomaji wa kike akayaacha makala haya akidhani ni ya mafundi na mabaharia. Katika nyumba zetu za Pwani betri ya chombo ni kama mgeni asiyeondoka. Huletwa nyumbani ikazimia, huwekwa ukumbini au chini ya kitanda, hufungwa nyaya, na mwenye kuirukaruka mchana kutwa ni mama wa nyumba na watoto wake. Na chombo kikikataa kuwaka baharini, anayekesha dirishani ni yeye vilevile.

Mashua yenyewe aliiacha marehemu shemeji yangu, Mola amrehemu. Hubeba abiria na mizigo baina ya Lamu na Faza, na mara nyingine hufika Kizingitini. Aliacha mke, wana wawili na binti mmoja, wala hakuacha wazazi. Kwa hivyo hisabu ilikuwa nyepesi: katika mafungu 40, mke ana 5, kila mwana ana 14, na binti ana 7. Nakumbusha mafungu haya kwa sababu yalikuja kuwa na kazi. Mali ya shirika haitolewi senti na mmoja bila ya wenzake kuridhia, na kidhibiti cha chaji si kitu cha bure.

Ugomvi wao ulizaliwa usiku mmoja wa msimu wa kusi, mashua ikiwa imefungwa Faza. Kabla ya alfajiri watu walikuja kuwagongea mabaharia: kulikuwa na mwanamke ambaye uchungu wake ulimwanza mapema, na ilibidi afikishwe hospitali Lamu. Walikimbilia chomboni, wakabonyeza stata, ikalia tik, tik, kisha ikanyamaza. Mashua ile ina betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa, pampu na redio, na baina yake kuna swichi ya duara yenye vituo vinne: ya kwanza, ya pili, zote, na kuzima. Jioni ile ilikuwa imeachwa kwenye "zote". Taa ziliwaka mpaka usiku mkubwa, vijana wa gatini wakaja kuchaji simu zao, na betri zote mbili zikanyweka pamoja, ile ya taa na ile ya injini isiyotakiwa kuguswa.

Shemeji yangu katika ujana wake angelitia hendeli akaizungusha injini kwa nguvu za mkono. Injini ya sasa haina hendeli. Ikabidi betri iazimwe kwa mwenye chombo kingine, ikaletwa juu ya punda, na mpaka ilipofungwa na mashine kuwaka, karibu saa mbili zilikuwa zimepita. Saa mbili si nyingi kwa mtu wa bara. Lakini njia ya salama wakati wa kusi hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda ulikuwa na saa zake. Maji yakipwa, chombo kizito hakikuwa na njia. Walifika maji yamekwisha. Njia ya nje ya Manda haikuwezekana na mgonjwa kwa mawimbi yale. Wakatia nanga penye mikoko wakangoja maji yarudi, na mtoto akazaliwa humo humo chomboni, mikononi mwa mkunga aliyekuwa amemsindikiza mamake. Alhamdulillah, mama na mwana walisalimika. Dada yangu alipopata habari hakula siku ile.

Kila mmoja katika wapwa zangu alikuwa na hoja, na nilipozisikiliza niliona kuwa si hoja za kitoto.

Mdogo alisema: mjomba, jambo ambalo usalama wa watu umefungwa kwalo haliachiwi kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Nahodha ametoka asubuhi, amebeba saruji na mbuzi, amegombana na abiria kuhusu nauli, kisha usiku akumbuke kurudisha swichi kwenye namba moja? Kuna kifaa, akasema, hakizidi ukubwa wa ngumi, kinachofanya kazi hiyo bila ya kuambiwa. Wao hukiita rilei. Injini ikiwaka, umeme wa altaneta huenda kwanza kwenye betri ya kuwashia. Volti zikipanda kufikia 13.3 hivi, rilei huziunganisha betri mbili ili ya pili nayo ishibe. Injini ikizimwa na volti zikashuka kufikia 12.8 hivi, huzitenga. Hata taa zikiwaka usiku kucha, betri ya injini haitiwi mkono.

Mkubwa alisema: mjomba, mimi nimetumikia chombo cha watu chenye mtambo wa aina hiyo, tena wa ghali kuliko huo, na ndio uliozipika betri. Mtambo ule ulikuwa na waya mwembamba wa kupimia, unaotoka kwenye betri kuuambia mtambo hali yake. Kiungo cha waya kilishika kutu kwa chumvi. Mtambo ukawa unasoma volti za chini kuliko zilizopo, ukadhani betri ina njaa, ukaongeza na kuongeza. Hakuna aliyeangalia kwa sababu kila mmoja alijua kuwa mambo yanajiendesha. Walikuja kutambua kwa pua: harufu kama ya mayai yaliyooza ikitoka chini ya sitaha, na betri imevimba ubavuni. Baba, akasema, aliangalia saa ya volti kila alipoangalia upepo, na betri zake zilikaa miaka.

Hapo ilinipasa nijifunze, kwani kadhi hahukumu katika jambo asilolijua sura yake. Nilimwendea fundi mmoja wa umeme wa magari na vyombo, mzee mwenye subira, nikakaa naye mchana kutwa. Niliyoyapata kwake nayaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Betri ya risasi na tindikali ni ufundi wa zamani. Aliyeibuni ni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na misingi yake haijabadilika. Ile tuiitayo ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kina volti 2 na kidogo. Ikishiba na kupumzika saa kadhaa husoma 12.7 hivi. Ikifika 12.2 imebakia nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na ikiachwa katika hali hiyo siku nyingi, ndani yake huganda chumvi ya risasi ikawa ngumu kama gaga la meno, na tangu hapo hairudii uwezo wake hata uichaji wiki nzima. Betri nyingi zinazotupwa ufukweni mwetu zilikufa kwa njaa namna hii.

Kuilisha nako kuna adabu yake. Mfano wake ni mtungi wenye shingo nyembamba unaojazwa kwa bomba. Mwanzo ulifungue bomba kwa nguvu, mtungi ni mtupu. Ukikaribia shingoni, punguza, la sivyo maji yatamwagika. Ukishajaa, acha tone moja moja la kufidia yanayokauka. Betri hupokea umeme mwingi mwanzoni, mpaka volti zifike 14.4 hivi, hapo huzuiwa zisipande zaidi, na umeme unaoingia hupungua wenyewe kidogo kidogo. Ikishashiba, hushushwa ikalindwa kwenye 13.5 hivi. Daraja tatu. Ukikatiza katika ya kwanza, betri haishibi kamwe. Ukiendelea na ya pili bila ya kikomo, maji yaliyo ndani huchemka na kugeuka hewa.

Altaneta ya mashua nyingi za kwetu ni ile ile ya gari. Imetengenezwa kwa ajili ya gari linalotembea kila siku na ambalo betri yake haipungui sana. Hutoa volti takriban 14 na kutosheka. Haijui daraja tatu. Mabaharia wa zamani walioujua udhaifu huo walikuwa wakifunga kifundo cha kuzungusha kwa mkono, wakaiongezea altaneta nguvu au kuipunguzia, huku jicho liko kwenye saa ya ampea. Alimradi aliangalie jicho lile! Mtu akienda kula, akisinzia, akipigiwa simu, betri inachemka. Na ipo hatari nyingine ya mkono ambayo fundi aliitaja kwa uchungu, kwani ndiyo inayomletea wateja wengi: baharia kugeuza swichi mpaka kwenye "kuzima" injini ikiwa inaunguruma. Altaneta hukosa pa kuupeleka umeme wake, volti huruka juu kwa nukta moja, na dayodi zake huungua.

Joto pia lina neno lake. Betri hupimwa na watengenezaji kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza umri wake karibu nusu. Sisi tuko takriban digrii 2 kusini ya Ikweta, na sanduku la betri lililo pembeni mwa injini ya dizeli halijui nyuzi 25 ni nini. Mtambo mzuri hupima joto la betri na kushusha volti zake kwa kadiri hiyo. Mkono wa binadamu, hata uwe wa nahodha hodari namna gani, hauwezi hisabu hiyo kila dakika.

Nilipokuwa nikirudi kwa fundi nilikuwa nikiwaza saa ya msikitini kwetu, ile yenye taa nyekundu, inayoonyesha nyakati za sala na kupiga king'ora zikiingia. Mimi nilifunzwa na mwalimu wangu wa chuoni kuijua adhuhuri na alasiri kwa kivuli cha kijiti. Sijawahi kuona ubaya wa saa ile, na sioni fahari ya kumsimamisha muadhini juani kila siku. Lakini umeme ulipokatika mwaka mmoja na saa ikarudi na wakati wake wenyewe, ni wazee wawili tu waliotazama nje wakasema, hii bado. Vijana walikuwa wamekwisha kushika udhu.

Basi nilipowakutanisha ndugu, mama yao na dada yao, nilisema ninavyoona. Kulinda volti dakika kwa dakika si kazi ya nahodha. Macho yake ni ya bahari, ya mchanga, ya vyombo vinavyokuja mbele. Anayemtaka aangalie 14.4 huku anapita Mkanda anamtwisha kazi mbili, na atakayeumia ni abiria. Hilo apewe mtambo. Wala kutenga betri ya injini na betri ya taa kusitegemee kumbukumbu; apewe mtambo vilevile. Lakini swichi ya mkono isiondolewe. Siku betri ya injini itakapokufa kwa sababu yake yenyewe, mtu awe na njia ya kuziunganisha kwa makusudi, awashe, aende. Na saa ya volti ibaki mbele ya usukani, isomwe.

Mkubwa alinuna, lakini alikubali. Mdogo alifurahi kupita kiasi, akataka papo hapo betri za lithiamu. Hapo nilimzuia kwa yale niliyoyasikia kwa fundi. Betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, ni njema: nyepesi, huvumilia kushushwa chini, haitaki daraja la pili refu. Lakini hunywa umeme kwa pupa kuliko altaneta ya kawaida inavyoweza kumimina kwa muda mrefu, na altaneta hupata moto ikaungua. Tena ndani yake mna kilinzi kinachoweza kuikata ghafla ikiona hatari, na kukata ghafla huku injini inakwenda ni lile lile la swichi kwenye "kuzima". Kwa hivyo lithiamu yataka vifaa vingine vya kuisindikiza, na vifaa hivyo vina bei. Wenye mafungu 40 walipiga hisabu, na thumuni ya mama ikasema bado.

Zikanunuliwa rilei, paneli ndogo ya sola ya juu ya dari, na kidhibiti chake. Binti ndiye aliyekisoma kitabu cha kidhibiti, kwani kaka zake walikitupa pamoja na boksi. Akakuta kuwa kifaa kimetoka kiwandani kimewekwa kwa betri ya jeli, ambayo haitaki volti za juu, na betri zao ni za maji. Kingeachwa hivyo, zingekaa na njaa mwaka mzima na kila mtu akidhani zimeshiba. Alibonyeza kitufe mara mbili, basi. Mwenye mafungu 7 alifanya kazi ya mafungu 28, na nilimwambia hivyo mbele yao.

Hapa niseme na akina mama kidogo juu ya betri inayoletwa nyumbani, kwa kuwa nimeingia nyumba nyingi na nimeona. Betri ya maji inapokaribia kushiba hutoa hewa ya haidrojeni. Haina rangi wala harufu, ni nyepesi, hupanda darini. Ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua, na cheche hutoka katika kibano cha waya kinachochomolewa huku umeme unapita. Basi betri isichajiwe chumbani palipofungwa madirisha, wala jikoni, wala karibu na chetezo. Iwekwe uani au barazani, chini ya kivuli, watoto wasiifikie. Chaja izimwe kwanza, ndipo vibano vichomolewe.

Tindikali yake nayo haina haraka. Itarukia leso au buibui leo, hutaona kitu. Utafua, na nguo itatoka na matundu madogo kama iliyoliwa na mende. Kwenye jicho haingoji kufuliwa. Jicho lililorukiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka muda wa dakika 20, bila ya kusugua, kisha hospitali. Na nimekwisha kuona tindikali imehifadhiwa ndani ya chupa ya soda kwenye rafu ya vikombe. Sitasema nyumbani kwa nani.

Baharini kuna jambo jingine ambalo wake wa mabaharia wana haki ya kuwauliza waume zao: sanduku la betri liko wapi? Likikaa chini kabisa, ngamani, na maji ya chumvi yakaingia ndani ya betri, hutoka hewa ya klorini, nayo huziba pumzi. Sanduku liwe juu ya maji, lifungwe lisipinduke, na liwe na matundu ya hewa kwa juu.

Sasa narejea kwa dada yangu, kwa kuwa yaliyofuata sikuyatarajia. Yeye hakusoma skuli. Alisoma chuoni, kama wasichana wengi wa Lamu wa rika lake, na huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri kuliko yangu. Alisema kwamba ameridhika na mtambo lakini haumwamini mtu yeyote kati ya wanawe kuuangalia, na akaweka sharti: kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapiga paneli na kabla injini haijawashwa, aliye karibu na chombo asome saa ya volti na ampigie simu amwambie. Atayaandika yeye. Akatoa daftari, akapiga mistari, akaanza: tarehe kulia, kisha betri ya injini, kisha betri ya taa, zote kwa tarakimu za Kiarabu. Wanawe walicheka pembeni. Mdogo aliniambia kuwa mama amegeuza sola kuwa mambo ya chuoni.

Miezi miwili daftari lilikuwa halina la kusomwa. 12.7, 12.7, 12.6, 12.7. Kisha kusi kilipokaza, mashua ililala wiki mbili bila safari, mkubwa akaenda Mombasa kwa shughuli zake. Tarakimu za betri ya taa zikaanza kuteremka: 12.6, 12.5, tena 12.5, 12.4, 12.3. Mdogo akasema ni mawingu, sola haipati jua la kutosha. Jibu lenye akili, na mimi mwenyewe ningeliridhika nalo. Dada yangu hakuridhika. Alinipigia simu akaniuliza: kaka, taa haziwashwi, redio haiwashwi, hakuna anayelala chomboni. Kama hakuna anayekula, chakula kinakwenda wapi?

Nilimtuma mdogo alale usiku mmoja ndani ya mashua. Asubuhi alirudi hana kicheko. Pampu ya ngamani ndiyo iliyokuwa ikila. Ni pampu ya kujiwasha, ina boya dogo. Maji yakipanda boya hunyanyuka, pampu huwaka, huyatoa, hujizima. Usiku ule ilikuwa ikiwaka kila baada ya muda mfupi. Mashua ilikuwa inaingiza maji, na si machache. Pampu ikiyatoa usiku bila ya mtu kusikia, sola ikiirudishia betri chakula mchana bila ya mtu kuona, na kwa siku zote za jua kali mitambo miwili ilikuwa ikifichiana siri baina yake. Kama mawingu yasingekuja, na daftari lisingekuwapo, habari ingetufikia siku betri imekwisha na pampu imenyamaza, na pengine chombo kina watu.

Mkubwa aliporejea kutoka Mombasa aliniambia jambo ambalo nimelifikiri sana. Baba yao hakuwa na pampu ya kujiwasha. Kila alfajiri alifua maji kwa ndoo, naye akizihesabu ndoo. Tatu, chombo kizima. Tano, angalia. Zikifika saba hakupakia abiria siku ile. Hakuna aliyeandika hisabu hiyo popote. Ilikuwa mkononi mwake, na ilizikwa naye. Mtambo ulichukua kazi ya kufua maji, ambayo ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeililia. Ila ulichukua na ile hisabu, na hakuna aliyeikumbuka kuiomba.

Walingoja maji ya bamvua wakaikwesha mashua juu ya mchanga. Fundi alipita kwenye mbao kwa kidole na nyundo ndogo, akaukuta mshono mmoja karibu na mkuku umeachia kalafati yake urefu wa mikono miwili. Akaikongoa pamba ya zamani, akagongelea mpya iliyorowekwa mafuta, akapaka sifa, akasema chombo kikae juu mpaka bamvua la pili. Ndugu wawili walikaa chini ya tumbo la mashua siku zile, mmoja akipitisha pamba, wa pili akigonga, na mama yao akapeleka sinia moja.

Yamebadilishwa mawili tangu hapo. Kwanza, kwenye waya wa pampu kumefungwa kihesabu kidogo kinachoongeza moja kila inapowaka, na tarakimu hiyo ina safu yake ya nne katika daftari. Pili, anayesoma volti husoma pia viungo vya nyaya, akivifuta kwa kitambaa na kuvipaka grisi kila Ijumaa, kwa heshima ya ile kutu aliyoisimulia mkubwa. Betri ya taa ilichukua siku kadhaa kurudi 12.7, na ya injini haikushuka hata mara moja muda wote huo, kwa hivyo rilei imetimiza ahadi yake.

Suala la lithiamu lingalipo. Mdogo amekwisha kuleta bei tatu kutoka Mombasa, na mkubwa, kwa mara ya kwanza, amezisoma. Dada yangu amesema atazisikiliza akishamaliza kumlipa fundi wa kalafati, na kwamba binti yake asome kitabu kwanza.

Wabillahi tawfiq.